Somo la Mabadiliko

Hesabu aliyoizoea mtu tangu utotoni ni hesabu ya vitu vilivyotulia. Machungwa 12 yakigawanywa kwa watoto 4, kila mtoto hupata 3, na jibu hilo halichakai. Leo ni 3, kesho ni 3, na mwaka ujao ni 3. Walakini dunia haina desturi ya kutulia namna hiyo. Chai hupoa, mtoto hukua, maji ya kisima hupungua, deni huongezeka, homa hupanda na kushuka. Kitu kinachobadilika kikiulizwa kiasi chake sasa hujibu hili, na kikiulizwa punde hujibu lile. Kwa vitu vya namna hiyo ilihitajika hesabu nyingine, nayo ni milinganyo ya mabadiliko, ambayo wataalamu huiita milinganyo tofautishi. Hufundishwa katika vyuo vikuu, aghalabu katika mwaka wa pili, baada ya mwanafunzi kuvuka kalkulasi. Sifa yake mabwenini si njema. Wengi huihofu kabla ya kuiona, na wengi huisahau upesi baada ya mtihani. Hasara ya pili ni kubwa kuliko ya kwanza, kwa kuwa hofu huisha, lakini kilichosahauliwa kabla ya kueleweka hakikupata kuwa mali ya mtu.

Tofauti ya milinganyo hii na mingine ni dhahiri. Katika mlinganyo wa kawaida kisichojulikana ni namba. Katika mlinganyo wa mabadiliko kisichojulikana ni mwendo mzima. Mwaka 1701 Isaac Newton alichapisha, bila kutia jina lake, kanuni ya kupoa kwa vitu vya moto. Maana yake ni kwamba kasi ya kupoa hulingana na tofauti iliyopo kati ya joto la kitu na joto la mahali kilipo. Chai ya digrii 90 ikiwekwa katika chumba cha digrii 30 ina tofauti ya digrii 60. Ikiwa baada ya dakika 10 tofauti hiyo imekuwa 30, baada ya dakika 20 itakuwa 15, na baada ya dakika 30 itakuwa 7 na nusu. Chai huanza kupoa kwa haraka, kisha kwa uvivu, na kwa mujibu wa kanuni haifiki kamwe pale inapokwenda, ijapokuwa husogea kila dakika. Kanuni haikutaja joto la chai katika saa yoyote. Ilitaja tu namna joto linavyobadilika, na kutokana na neno hilo moja habari yote ya kikombe ikapatikana.

Kijana mmoja wa Muheza, aliyekuwa akisoma hisabati katika chuo kikuu mjini Dar es Salaam, aliingia katika somo hili kwa bidii ya mtu aliyezoea kufaulu. Wiki za kwanza zilikuwa wiki za funguo. Mlinganyo wa aina hii hufunguliwa kwa kutenganisha vigeu, kila kimoja upande wake. Wa aina ile huzidishwa kwanza kwa kizidisho maalumu. Wa aina ya tatu hubahatishiwa jibu kwa busara, kisha jibu likapimwa. Kijana alinakili funguo zote katika daftari, akazipanga, akazihifadhi. Akipewa mlinganyo aliutazama sura, akachagua ufunguo, akafungua. Alama zake zilikuwa nzuri, lakini moyo wake haukuwa na raha, kwa sababu alijiona kama bawabu wa nyumba kubwa afunguaye vyumba vyote bila ya kuingia hata kimoja.

Ada yake ililipwa na baba yake mkubwa, mkulima wa machungwa. Wakati wa mapumziko kijana alikwenda kumsalimu, na mzee, baada ya kuitikia shikamoo yake na kumwuliza habari za mjini, alisema, "Mwanangu, hiyo hesabu unayoisoma sasa ni ya kitu gani?"

"Ni milinganyo ya mabadiliko, baba mkubwa."

"Na hayo mabadiliko mkiisha kuyalinganya, mnapata nini?"

"Tunapata jibu."

"Jibu la nani?" mzee akauliza.

Kijana hakuwa na neno. Mzee hakumkaripia. Alimwambia tu kwamba kaka yake mmoja katika ukoo alisoma uhasibu na sasa ana kazi, na kwamba kama mpaka mwisho wa muhula hatajua jibu hilo ni la nani, itakuwa vema kufikiri juu ya kubadili somo mapema kuliko kulibadili kwa kuchelewa. Shauri hilo lilikuwa la haki, kwa kuwa mwenye kulipa kwa jasho la shamba anayo haki ya kuuliza mavuno.

Swali la mzee lilikuwa na maana ya sokoni, lakini lilikuwamo pia ndani ya somo lenyewe kwa maana nyingine. Mlinganyo wa mabadiliko hauzai jibu moja. Huzaa majibu yasiyo na idadi. Kanuni ya kupoa ni ile ile kwa kikombe cha digrii 90, cha digrii 70 na cha digrii 50, na kila kikombe kina mstari wake katika mchoro. Mwanafunzi anapomaliza kukokotoa huandika mwishoni herufi moja, c, iliyo ishara ya kiasi ambacho bado hakijajulikana. Wengi huiandika kwa mazoea, kama mtu atiaye nukta mwisho wa sentensi, na wakiisahau hukatwa alama. Kumbe herufi hiyo ndiyo mlango. Jibu lenye c ni jibu la vikombe vyote, kwa hiyo si la kikombe chochote. Ili liwe la kimoja hapana budi kujua kikombe hicho kilianza na joto gani. Wataalamu huliita jambo hilo sharti la mwanzo. Kanuni husema namna mambo yanavyokwenda. Mwanzo husema ni nani anayekwenda.

Mhadhiri aliithibitisha hoja hiyo kwa mfano wa bonde la Olduvai. Tarehe 17 Julai 1959 Mary Leakey aliona huko fuvu la kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, na swali likawa umri wake. Miamba ya volkano iliyo katika bonde hilo ina potasiamu, na sehemu ndogo ya potasiamu ni ya aina ambayo hufifia yenyewe. Nusu yake hupotea katika muda wa miaka bilioni 1.25 hivi, na baadhi ya iliyopotea hugeuka kuwa hewa ya agoni, ikanaswa ndani ya mwamba. Kadiri inavyobaki kidogo, ndivyo inavyopotea kidogo. Kanuni ni ndugu wa kanuni ya chai. Lakini kanuni peke yake haitoi umri. Umri hupatikana kwa sababu moto wa volkano ulipouyeyusha mwamba uliifukuza agoni iliyokuwamo, na mwamba ulipoganda ulianza kuhesabu tangu sifuri. Mwaka 1961 hesabu hiyo ilitangazwa, ikatoa miaka kama milioni 1.75, umri uliowastaajabisha watu wa elimu hiyo. Sharti la mwanzo liliandikwa na moto, na wanadamu walilisoma baada ya dahari.

Mfano wa pili ulihusu watu walio hai. Sensa ya Tanzania ya mwaka 2012 ilihesabu watu 44,928,923, na ya mwaka 2022 ikahesabu 61,741,120. Ikiwa ongezeko litaendelea kulingana na idadi iliyopo, kwa kadiri ile ile, idadi hiyo itakuwa maradufu kila baada ya miaka 22 hivi. Fikira ya namna hii Thomas Malthus aliieleza mwaka 1798. Na mwaka 1838 Pierre Verhulst aliongeza katika mlinganyo kizuizi kinachokua pamoja na msongamano, mstari ukapinda na kutulia badala ya kupaa bila mwisho. Wanafunzi waliona kwamba hesabu zote mbili ni sahihi, na majibu yake hayapatani. Siri imo katika neno "ikiwa". Mlinganyo si unabii. Ni kauli yenye sharti, na sharti lake halithibitishwi na kalamu bali na dunia.

Katikati ya muhula lilifika fundisho ambalo halikuwa na ufunguo wa kunakiliwa. Ni fundisho la upekee, lililojengwa na Cauchy, Lipschitz na wengine katika karne ya 19. Husema kwamba kanuni ikiwa na ulaini wa kutosha, kutoka mwanzo mmoja hutoka mwendo mmoja tu. Kwa hiyo mistari miwili ya kanuni moja haikatani kamwe. Kwani ikikatana, pale pa kukatana pangekuwa mwanzo mmoja wenye miendo miwili. Mhadhiri alichora ubaoni mistari miwili ya kupoa, mmoja ukianza juu na mwingine chini, akauliza kama maziwa ya moto yaweza kuyatangulia maziwa ya uvuguvugu katika kuganda. Darasa zima likajibu kwamba haiwezekani. Maziwa ya digrii 90 hayana budi kupitia digrii 35 kabla ya kuganda; yakifika hapo yatakuwa sawasawa na yale ya digrii 35 yalivyokuwa mwanzo, na safari iliyobaki ni ile ile, ila yao imechelewa. Hoja hiyo haina tundu hata moja.

Ndipo mhadhiri akawasimulia habari za Erasto Mpemba. Mwaka 1963, alipokuwa mwanafunzi wa kidato cha tatu huko Magamba, katika milima ya Usambara, Mpemba alitia maziwa yake ya moto ndani ya friji bila ya kungoja yapoe, kwa kuwa nafasi ilikuwa chache na wenzake walikuwa wakiigombea. Maziwa yake yakaganda kabla ya maziwa ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Alipouliza sababu aliambiwa amechanganyikiwa. Alipokuwa katika masomo ya juu, Iringa, aliuliza tena, na jibu likawa lile lile. Hakunyamaza. Alimwuliza mgeni aliyefika kutoa mhadhara, Denis Osborne, mwalimu wa fizikia katika chuo kikuu cha Dar es Salaam; na Osborne, badala ya kucheka, alikwenda kupima. Mwaka 1969 wawili hao walichapisha makala kwa pamoja, na tangu hapo jambo hilo huitwa kwa jina la Mpemba duniani kote.

Kijana wa Muheza hakulala vema usiku ule. Hoja ya darasani ilikuwa kamili, na ushahidi wa Mpemba ulikuwa wa macho. Siku ya Jumamosi alikwenda kwa mama yake mdogo, aliyekuwa akiuza barafu za maziwa, akaomba vikombe viwili.

"Mwanangu," mama mdogo alisema, "wataka kunitilia moto ndani ya friji?"

"Hapana, mama mdogo. Nataka kuona yapi yatatangulia kuganda, haya ya moto au yale ya uvuguvugu."

"Na yakitangulia ya moto?"

"Itakuwa kanuni yetu imesahau kitu."

"Basi kama mmesahau ninyi, maziwa yangu yana kosa gani?"

Walakini alimpa maziwa. Usiku wa kwanza ya moto yalitangulia. Usiku wa pili yalitangulia ya uvuguvugu. Usiku wa tatu hakuweza kuamua, maana vyote viwili vilikuwa na ngozi ya barafu juu na uji chini. Lakini aliona jambo moja. Kikombe cha moto kilikuwa kimeyeyusha utando wa barafu chini yake, kikakaa juu ya chuma kitupu. Kikombe cha pili kilikalia utando wake kama mtu aliyekalia godoro. Tena maziwa ya moto yalipungua kidogo kwa kutoa mvuke. Mambo hayo mawili hayakuwamo katika kanuni ya Newton, ambayo hujua joto peke yake.

Wataalamu nao hawajapatana. Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden walitangaza vipimo vyao vya maji, wakasema hawakuona ushahidi wa kutosha wa jambo hilo. Mwaka 2020 Avinash Kumar na John Bechhoefer walilionyesha dhahiri, si kwa kugandisha maji, bali kwa kipunje kidogo mno kilichowekwa ndani ya maji na kusukumwa kwa nguvu zilizopangwa. Kwa mwanafunzi, faida haikuwa katika kujua nani ameshinda. Faida ilikuwa katika kuelewa fundisho la upekee linaahidi nini. Haliahidi kwamba mistari haikatani duniani. Huahidi kwamba haikatani ikiwa kila kinachoamua mwendo kimetiwa katika hesabu. Mistari ikionekana kukatana, kosa si la maziwa wala la fundisho. Kuna shahidi ambaye hakuitwa. Kivuli cha ndege wawili chaweza kukutana juu ya mchanga hali wenyewe wamepishana mbali angani. Kijana aliona kwamba funguo zake zote zilikuwa za kujibu, na hapana hata mmoja uliokuwa wa kuuliza.

Baada ya hapo somo lilimwonyesha mpaka wa funguo zenyewe. Kuna mlinganyo mfupi unaotosha nusu ya mstari wa daftari: kasi ya badiliko la y ni sawa na mraba wa x ukijumlishwa na mraba wa y. Ndugu wa ukoo wa Bernoulli walishughulika nao mwishoni mwa karne ya 17. Mwaka 1841 Joseph Liouville alithibitisha kwamba haufunguki kwa njia za kawaida za kukokotoa, hata ajaribu nani. Tena huo si wa pekee, maana milinganyo mingi ya dunia ndivyo ilivyo, na ile ifungukayo vizuri ni michache iliyochaguliwa kwa ajili ya vitabu. Mwanafunzi aliyehifadhi funguo huona habari hii kama dhuluma. Lakini Henri Poincaré, katika makala zilizoanza kutoka mwaka 1881, alifundisha kwamba pasipo na ufunguo pana dirisha. Yawezekana kutojua jibu lenyewe, na bado kujua kama mwendo utatulia, utazunguka, au utakimbia. Na pengine hilo ndilo jambo lililotakiwa tangu awali.

Mfano mkubwa wa dirisha hilo ni malaria. Ronald Ross, aliyegundua mwaka 1897 kwamba vijidudu vya malaria hukua ndani ya mbu, na kupewa tuzo ya Nobel mwaka 1902, alikutana na watu waliosema kwamba ugunduzi wake hauna faida, kwa kuwa mbu hawawezi kumalizwa wote. Aliwajibu kwa milinganyo, akaieleza katika kitabu chake cha mwaka 1911. Wagonjwa wapya huongezeka kwa kadiri ya mbu wenye vijidudu na watu wasioambukizwa. Wagonjwa wa zamani hupungua kwa kupona. Ikiwa kila mgonjwa mmoja, kwa njia ya mbu, huzaa zaidi ya mgonjwa mmoja, ugonjwa hukaa. Ikiwa huzaa chini ya mmoja, ugonjwa hujifia polepole hata kama mbu bado wanaruka. Kuna kizingiti, na kazi ni kushuka chini yake, si kufika sifuri. Katika miaka ya 1950 George Macdonald aliendeleza hesabu hiyo, akaonyesha kwamba umri wa mbu una uzito kuliko wingi wake. Vijidudu huhitaji siku 10 hivi au zaidi kukomaa ndani ya mbu, na mbu wengi hufa kabla ya hapo. Kwa hiyo dawa ifupishayo maisha ya mbu kwa siku chache hupunguza maambukizi kuliko jicho linavyotazamia.

Muhula ulipokwisha kijana alirudi Muheza, mahali ambapo malaria si habari ya vitabuni, wala hapana haja ya kumweleza mtu homa ya usiku wa manane ni kitu gani. Hakungoja kuulizwa. Alimweleza baba yake mkubwa habari ya kizingiti, na ya mbu afaye kabla ya vijidudu kukomaa, na kwamba chandarua chenye dawa humkinga alalaye ndani yake na pia huua mbu ambaye angekwenda nyumba ya pili.

"Kwa hiyo chandarua changu humlinda jirani asiyenacho?" mzee akauliza.

"Ndiyo, baba mkubwa, wenye navyo wakiwa wengi."

"Na hilo mmelijua kwa kalamu tu?"

"Hesabu ilisema 'ikiwa'. Katika miaka ya 1990 watu walikwenda kupima magharibi ya Kenya, wakaona nyumba zisizo na vyandarua, zilizokuwa karibu na vijiji vyenye navyo, zimepata kinga pia. Lakini mbu wakiizoea dawa namba hubadilika, na hesabu hufanywa upya."

Mzee alinyamaza kitambo, kisha akasema kwamba jibu la namna hiyo lina mwenyewe. Juu ya kazi hakusema neno, na kijana hakumdanganya kwamba kazi imepatikana. Suala la uhasibu lilibaki bila kutajwa, na mwaka wa tatu ada ya hisabati ililipwa.

Yamkini mtu atasema kwamba somo la kutaka jasho lote hili lingefaa kuachiwa wachache. Lakini kila mtu huishi ndani ya mabadiliko, na kila siku huwako watu wanaotangaza yatakakofikia: bei, mvua, maradhi, idadi ya watu. Aliyeisoma vema milinganyo ya mabadiliko hupata mizani ya kupimia matangazo hayo. Atauliza kanuni ni ipi, mwanzo ni upi, na shahidi gani hakuitwa. Maswali hayo matatu hayahitaji chaki wala ubao. Na aliyeyapata akasahau funguo zote hakupoteza muhula wake, hali aliyehifadhi funguo zote bila ya kuyapata bado amesimama nje ya nyumba.